Chupa iliyopumua chini ya kitanda changu

Nilikuwa nimeinama kufunga kamba za kiatu. Sikuwa nimebeba mzigo, sikuwa nimetoka mbio, wala sikuwa nimegombana na mtu. Kamba za kiatu tu. Kitu kikanichoma upande wa kushoto, juu, chini kidogo ya mtulinga, kama msumari unaosukumwa taratibu, na papo hapo pumzi ikawa fupi. Nikiivuta inafika katikati, inakwama. Nikabaki nimekaa na kiatu kimoja mguuni, nikisubiri ipite.

Haikupita, ila ilipungua makali, na kupungua huko ndiko kulikoniponza. Nikajiambia ni msuli umeteguka. Nilikuwa na miaka 24, mrefu, mwembamba, sijawahi kulazwa hata siku moja. Mtu wa namna hiyo hana mazoea ya kujihofia. Nikameza dawa ya maumivu na kulalia upande wa kulia. Siku ya pili nikaenda kazini. Siku ya tatu nikaanza kupanda ngazi kwa vituo, nikisingizia kusoma ujumbe kwenye simu ili watu wasinione natweta. Siku ya nne dada yangu akanipigia, na kabla sijamaliza salamu akanikatiza.

"Mbona unahema hivyo? Umetoka wapi?"

"Nimekaa tu, dada."

"Umekaa, halafu unahema hivyo?" Akanyamaza kidogo. "Inuka uende hospitali. Na simu usikate mpaka ufike."

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi. Aliweka kipimo chake mgongoni kwangu, kulia, kushoto, akarudi kulia, kisha akarudi tena kushoto na kukaa hapo muda mrefu, kama mtu anayetega sikio mlangoni kujua iwapo ndani kuna mtu. Halafu akalaza kidole cha kati kifuani kwangu na kukigonga kwa kidole cha mkono mwingine. Kulia ukatoka mlio mzito wa kawaida. Kushoto palilia kama debe tupu. Hata mimi niliisikia tofauti. (Ufundi huo wa kugonga kifua uliandikwa mwaka 1761 na daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger. Alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba wazo alilitoa kwenye mapipa, ambayo watu waliyagonga kujua divai imebaki kiasi gani. Katika uvumbuzi wote wa kitabibu niliowahi kuusoma, huo ndio unaonifurahisha zaidi.)

Picha ya eksirei ikafunguliwa kwenye kompyuta. Upande wa kulia ulikuwa na vijistari vyeupe vinavyotawanyika kama mizizi. Hiyo ni mishipa ya damu ya pafu. Kushoto, sehemu yote ya juu na ya nje ilikuwa nyeusi tii, haina kijistari hata kimoja, na katikati ya weusi huo umepita uzi mwembamba mweupe. Daktari akaufuata kwa ncha ya kalamu.

"Huu ndio ukingo wa pafu lako. Ulitakiwa uguse mbavu. Limenywea."

"Sasa hewa yake imetolewa na nini?"

"Haijatolewa na kitu. Pafu likiachiwa, ndivyo linavyotaka kuwa. Siku zote lilikuwa linataka kunywea. Lilizuiwa tu."

Jibu hilo lilinisumbua kuliko sindano zote zilizofuata, kwa sababu lilikuwa kinyume cha kila nilichodhani nakijua. Shuleni nilitoka na picha ya mivukuto ya mhunzi: mapafu yanatanuka yenyewe, yanavuta hewa, yanasinyaa, yanaisukuma nje. Huenda mwalimu hakusema hivyo, lakini hivyo ndivyo nilivyoelewa, na nimewauliza watu wazima wengi tangu siku ile. Karibu wote wana picha ileile kichwani.

Pafu haliwezi kuvuta chochote. Lina misuli laini kwenye njia zake za hewa, ile inayobana wakati wa pumu, lakini msuli wa kulitanua halina. Ni kitu laini kama sifongo, kimejaa nyuzi za kunyumbulika, kimefungiwa ndani ya boma la mbavu. Kazi ya kulitanua inafanywa na walio nje yake. Chini kuna kiwambo, msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo, umejikunja kama kuba. Ukikaza, kuba linashuka. Misuli iliyo kati ya mbavu nayo inazinyanyua mbavu juu na nje. Boma linapanuka, na pafu lililoshikana na kuta zake halina la kufanya ila kufuata. Nafasi ikiongezeka, mgandamizo wa hewa iliyomo unapungua. Hiyo ni kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662, wala haina siri. Hewa ya nje, yenye mgandamizo mkubwa kidogo, inajiingilia yenyewe. Kidogo ni kidogo kweli: katika pumzi ya kawaida, mgandamizo ndani ya mapafu unashuka kwa takriban sentimita 1 tu ya maji, yaani kiasi cha kupandisha maji sentimita 1 kwenye mrija. Anayenyonya maji kwa mrija anatumia nguvu zaidi ya hiyo.

Na kutoa pumzi, kama umetulia, hakuhitaji nguvu kabisa. Kiwambo kinalegea, pafu linarudi lenyewe kama mpira ulioachiwa.

Kinacholishikiza pafu kwenye kuta za kifua si gundi. Ni tando mbili nyembamba, mmoja umelivisha pafu na mwingine umezitandika mbavu kwa ndani, na katikati yake kuna mililita chache za majimaji yanayoteleza. Chukua vioo viwili, viloweshe, vibandike: vitateleza kimoja juu ya kingine, lakini kuvibandua moja kwa moja ni shughuli. Pafu linavuta kwenda ndani. Mbavu nazo zina tabia yao ambayo sikuijua, ya kutaka kufunguka kwenda nje. Basi hapo katikati, usiku na mchana, kuna ugomvi wa kuvutana, na kwa sababu hiyo mgandamizo kati ya tando hizo huwa chini ya ule wa hewa ya nje: kama sentimita 5 za maji chini yake ukiwa umeshatoa pumzi, na kama 8 ukishavuta. Mwisho wa kutoa pumzi, kabla hujavuta nyingine, ndipo mivuto hiyo miwili inapolingana na hakuna msuli unaofanya kazi. Pumzi, pumua, pumzika: waliotuachia maneno haya hawakupima chochote kwa sentimita, lakini waliyaweka kwenye ukoo mmoja.

Kwangu kilichopasuka ni kijilengelenge kwenye ncha ya juu ya pafu. Vinawatokea vijana warefu na wembamba, hasa wanaume, hasa wavuta sigara. Pafu lina uzito, linaning'inia kifuani, kwa hiyo sehemu ya juu ndiyo inayovutwa zaidi, na kifua kikiwa kirefu mvuto huo unaongezeka. Daktari aliniuliza sigara ngapi kwa siku, nikasema mbili. Zilikuwa nane. Sijui nilikuwa namficha nani, maana picha ilikuwa imeshawekwa mezani. Hewa ikavuja kutoka kwenye pafu ikaingia katikati ya zile tando mbili, ugomvi ukaisha, na kila mmoja akashika njia yake: pafu ndani, mbavu nje.

Walinilaza nusu nimekaa, mkono wa kushoto nimeupandisha kichwani, ganzi ikachomwa ubavuni, chini ya kwapa. Daktari alikuwa ananieleza kila hatua, nadhani ili nisitazame. Mrija unapitishwa juu ya ukingo wa ubavu wa chini, si chini ya ubavu wa juu, kwa sababu kila ubavu umeficha mishipa ya damu na ya fahamu kwenye ukingo wake wa chini. Ganzi ilizuia uchungu, haikuzuia kusukumwa. Nilihisi uzito wa mkono mzima, kisha kitu kikaachia, na chini ya kitanda nikasikia bwabwabwabwa.

"Hiyo ndiyo hewa uliyotembea nayo siku nne," akasema.

Nikaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichokoma, na nikaogopa. Akaniambia nikohoe tu. Pafu lililokunjamana likianza kufunguka hukoholesha.

Chupa yenyewe ilikuwa ya plastiki angavu, yenye maji kiasi. Mrija kutoka kifuani unaingia humo na kuzama sentimita 2 chini ya maji. Basi. Haina mota, haina umeme. Hewa ikitoka kifuani inapita majini kama mapovu na kwenda zake. Ikitaka kurudi inakuta maji yamefunga mlango. Mjerumani Gotthard Bülau aliieleza njia hiyo mwaka 1891, na mimi nililala juu yake zaidi ya karne moja baadaye.

Mapovu yalinifurahisha siku ya kwanza. Kilichonishika hasa ni maji ndani ya ule mrija. Nikivuta pumzi yanapanda. Nikitoa yanashuka. Yanajaa na kupwa, yanajaa na kupwa, usiku kucha, nami nimening'iniza kichwa ukingoni mwa kitanda nayatazama. Ilinichukua muda kuelewa ninachokiona: ule urefu wa maji kwenye mrija ndio mvuto wa kifua changu, umeandikwa kwa sentimita. Zile 5 na 8 za vitabuni zilikuwa pale sakafuni, ingawa zangu zilikuwa na kasoro zake kwa kuwa tundu lilikuwa bado halijaziba. Pumzi ndogo, maji yanapanda kidogo. Pumzi ndefu, yanaruka. Nikikohoa, yanasukumwa chini kwa nguvu na mapovu yanafoka. Nikibana pumzi yanasimama. Lakini ukitazama kwa makini yanatetemeka kidogo, tik, tik, tik, na ukiweka kidole kwenye mshipa wa mkononi unagundua huo ni moyo, unaupigapiga mrija kutokea jirani.

Huko kubana pumzi ndiko kulikonifundisha jambo jingine. Kidoleni nilikuwa na kile kibanio kinachopima oksijeni kwenye damu. Kilisoma asilimia 96. Nikabana pumzi, nikahesabu, kifua kikaanza kuwaka, kiwambo kikaanza kurukaruka chenyewe, nikashindwa na kuachia. Nikatazama kidole: 95. Oksijeni ilikuwa imejaa tele, na mwili ulikuwa unapiga kelele kama mtu anayezama. Kumbe kinacholalamikiwa si kukosa oksijeni. Ni hewa ya ukaa iliyolimbikizana. Sehemu ya chini ya ubongo, ile inayoungana na uti wa mgongo, inaonja damu muda wote, na hewa ya ukaa ikizidi kidogo tu inaamuru pumzi, utake usitake.

Nilikumbuka mashindano yetu ya utotoni ya kukaa chini ya maji. Kulikuwa na ujanja tuliouamini: unahema haraka haraka kabla ya kuzama, na kweli unakaa zaidi. Tulidhani tunajaza oksijeni. Damu ya mtu mzima wa afya imeshajaa oksijeni karibu yote, hakuna pa kuongeza cha maana. Tulichokuwa tunafanya ni kufukuza hewa ya ukaa, yaani kumnyamazisha mlinzi. Oksijeni inaisha kimyakimya, mtu anazimia majini bila hata kusikia hamu ya kupumua. Watu hufa hivyo, tena waogeleaji hodari. Sisi tulikuwa na bahati, si akili.

Siku ya pili nikafanya kosa la pili. Nilitaka kwenda msalani, nikaiokota chupa na kuiweka kitandani kando ya mto wakati natafuta ndara. Sista alikuwa upande wa pili wa wodi. Sijui alifikaje.

"Kaka! Shusha chupa! Chini!"

Nikaishusha. Maji yalikuwa yameshapanda kwenye mrija, marefu kuliko nilivyowahi kuyaona.

"Unajua hiki kifua kinavuta?" akasema, ananionyesha kwa kidole kama mwanafunzi. "Kinavuta hewa, na maji kitavuta. Ukiiweka chupa juu, hata kuvuta hakitahitaji kuvuta, yatashuka yenyewe. Chupa inakaa chini ya kifua. Ukilala, ukikaa, ukienda chooni, chini ya kifua. Sawa?"

"Sawa, sista. Samahani."

"Usiniombe mimi samahani. Kiombe kifua."

Mzee wa kitanda cha jirani, aliyelazwa kwa nimonia, alicheka mpaka barakoa yake ya oksijeni ikafuka ukungu.

Nilimuuliza daktari iliwezekanaje niende kazini siku tatu na pafu la namna ile. Akanijibu kwa swali: kipimo cha kidoleni kilisoma ngapi nilipofika? Kilisoma 93. Kidogo, lakini si cha kutisha. Sehemu ya pafu isiyopata hewa, mishipa yake ya damu hujibana yenyewe, damu ikaelekezwa kule kwenye hewa. Na akiba ni kubwa. Mapafu mawili yana vifuko vya hewa karibu milioni 480, kila kimoja kipana kama milimita 0.2, na vikikunjuliwa vyote vinatandika eneo la takriban mita za mraba 70. Ukuta kati ya hewa na damu hauzidi elfu moja ya milimita. Ukiwa umepumzika, damu inapita kando ya kifuko kwa robo tatu ya sekunde, na katika theluthi ya kwanza ya muda huo imeshabeba oksijeni yake yote. Muda uliobaki ni wa ziada. Ziada hiyo ndiyo niliyokuwa naitumia kwenye ngazi. Sikupaswa kuitumia, maana hewa iliyonaswa kifuani ikiendelea kuongezeka bila kutoka husukuma moyo na mishipa yake mikubwa upande wa pili, na hapo mtu anaondoka kwa dakika, si kwa siku.

Usiku wa tatu bega lilianza kuniuma. La kushoto, pale juu kabisa. Nikadhani nimelilalia vibaya. Daktari akatikisa kichwa: ncha ya mrija inagusagusa kiwambo. Mishipa ya fahamu ya kiwambo haitoki karibu nacho. Inatoka shingoni, kwenye uti wa mgongo usawa wa pingili ya 3, ya 4 na ya 5, na ngozi ya bega inatumia mishipa ya maeneo hayohayo, basi ubongo unachanganya anwani. Kiwambo huanza kutengenezwa karibu na shingo mtoto angali mdogo sana tumboni, kisha kikahamia chini na kuburuta mishipa yake. Ndiyo maana aliyevunjika shingo juu ya hapo hawezi kupumua mwenyewe, na aliyevunjika chini yake anapumua hata kama hawezi kukunja vidole. Nililala nikiwa nimeshika bega, nikifikiria kiwambo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja asubuhi na kifaa chenye vimpira vitatu ndani ya vyumba vya plastiki. Unanyonya hewa kwa mdomo, kimpira cha kwanza kinapanda, ukizidisha cha pili, ukijitahidi sana cha tatu. Mimi nilikuwa naogopa maumivu, kwa hiyo nilikuwa navuta vipumzi vidogo vya haraka na kujiona nimefanya vizuri. Akaniwekea hesabu nyuma ya karatasi. Pumzi moja ya kawaida ni kama mililita 500. Katika hizo, 150 zinaishia njiani, puani, kooni na kwenye mirija mikubwa, ambako hakuna damu ya kupokea. Zinazofika kazini ni 350. Ukipumua mara 12 kwa dakika, umeingiza lita 6, na lita 4.2 zimefika. Sasa gawa pumzi nusu na kupumua mara 24: zimeingia lita zilezile 6, lakini kila pumzi ya 250 inaacha 150 njiani na kufikisha 100 tu. Lita 2.4.

"Unajichosha kusafisha korido," akaniambia. "Vyumbani hufiki."

Akaniwekea mkono wangu mwenyewe juu ya tumbo. Nivute mpaka mkono unyanyuke. Hewa haiendi tumboni, hata kama watu wanasema "pumua kwa tumbo". Tumbo linatokeza kwa sababu kiwambo kikishuka kinasukuma utumbo na ini, navyo vinatafuta pa kwenda. Nilivuta, nikauma meno, kimpira cha pili kikapanda na kuanguka. Kuna sababu ya kung'ang'ania pumzi kubwa. Vifuko vya hewa vina unyevu ndani, na kitu chenye unyevu kikishikamana hakifunguki kirahisi. Fikiria mfuko laini wa plastiki uliolowa. Mwili una dawa yake, ute fulani unaofanya kazi kama sabuni, unapunguza nguvu ya maji kujikaza. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walikuwa hawana ute huo wa kutosha. Na hata mwenye ute huo anahitaji kuutandaza upya, ndiyo maana kila baada ya dakika 5 hivi, bila kujua, mtu hushusha pumzi moja kubwa maradufu. Nilidhani kushusha pumzi ni mambo ya huzuni.

Nilikuwa na usiku mwingi wa kusoma kwenye simu. Nikakutana na lile pafu la chuma la Philip Drinker, lililotumika kwa mara ya kwanza Boston mwaka 1928 kwa wagonjwa wa polio ambao misuli yao ya kupumua ilikuwa imepooza: sanduku kubwa, mgonjwa ndani, kichwa nje, pampu inapunguza hewa ndani ya sanduku na kifua kinainuka. Zamani ningeshangaa. Sasa niliona ni jambo la kawaida kabisa, sanduku limechukua kazi ya kiwambo. Ajabu kwangu ikawa ni mashine za leo, zinazosukuma hewa kooni. Hizo ndizo zinazokwenda kinyume na maumbile, ingawa ndizo zilizoshinda. Mwaka 1952 polio ilipolipuka Copenhagen, masanduku hayakutosha, daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo na kupulizwa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu kubonyeza mifuko ya hewa mchana na usiku, wiki kwa wiki. Nilitazama chupa yangu. Hakuna aliyekuwa anaibonyeza.

Siku ya tano mapovu yalikoma, hata nikikohoa. Maji kwenye mrija nayo yakaanza kupanda kwa uvivu, kwa sababu pafu lilikuwa limejaa na kuziba tundu za ncha ya mrija. Picha ikathibitisha. Daktari akakata uzi wa mshono, akaniambia nivute pumzi, niibane, nijikaze kama ninayesukuma kitu. Hapo mgandamizo wa kifua unakuwa juu na hewa ya nje haipati upenyo wa kuingia. Akahesabu hadi tatu, ila alivuta kwenye mbili. Sista akaichukua chupa, akaibeba chini ya usawa wa kiuno chake, nadhani kwa mazoea, maana haikuwa tena imeunganishwa na mtu.

Masharti niliyopewa yalikuwa machache. Nisipande ndege mpaka picha iwe safi na ipite wiki nzima baada ya hapo, kwa sababu hewa ndani ya ndege ni nyepesi na kibaki chochote cha hewa kifuani kitatanuka. Kuzamia na mtungi, basi, labda nifanyiwe upasuaji kwanza: mita 10 chini ya maji mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa uliyoivuta huko inataka nafasi mara mbili unapoibuka. Ni Boyle yuleyule. Sigara niliacha, si kwa ushujaa. Nilikuwa nimeliona pafu langu. Kupuliza kwenye kipima pumzi kulisubiri wiki kadhaa. Tatizo hili hurudi kwa watu wengi kiasi, na mwaka ule wa kwanza kila nilipoinama kufunga kiatu nilivuta pumzi kwanza nione inafika wapi.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alipewa kazi ya shule: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, puto dogo linaning'inia ndani kutoka mdomoni mwa chupa, na kipande cha mpira kimefungwa chini badala ya kitako. Alikuwa anauvuta mpira, puto linajaa, anauachia, linanywea. Akaniambia puto linavuta hewa.

Nikaomba sindano, nikatoboa ubavu wa chupa.

Akauvuta mpira. Puto halikutikisika. Akauvuta tena kwa nguvu, akanitazama kwa hasira. "Mjomba, umeliua!"

"Puto halina neno. Hewa imepata njia nyingine. Tafuta ilipo."

Akaizungusha chupa mpaka akalisikia tundu kwa ncha ya kidole. Akaliziba kwa gumba, akauvuta mpira, na puto likajaa.